Vifaa vya kumtuliza mbwa na paka mwoga: kipi kinafaa nyumba ya Dar

Tuanze na hukumu, asiye na muda aishie hapa. Kama una paka, nunua spreya ya feromoni (kemikali ya mwili ambayo wanyama hupashana nayo ujumbe kwa pua) na kibebeo kizuri. Kama una mbwa, nunua mkeka wa kulamba au mpira wa kujaza chakula. Difyuza ya kuchomeka ukutani, yaani kifaa cha umeme kinachosambaza mvuke wa feromoni, ambayo ndiyo inayosifiwa kuliko vyote na inayokula hela kila mwezi, usiinunue kabla hujasoma masharti yake hapa chini. Fulana ya kubana ni ya mwenye AC. Na mnyama anayejiumiza kwa hofu, anayevunja kucha mlangoni au kuruka ukuta radi ikipiga, huyo si wa dukani tena. Ni wa daktari wa mifugo.

Vingi ya vifaa hivi vilibuniwa kwa chumba kilichofungwa madirisha, chenye ubaridi na umeme wa uhakika. Nyumba ya Dar ni kinyume chake. Madirisha ya nyavu yako wazi usiku kucha, feni ya dari haipumziki, upepo unaingia sebuleni na kutokea uani, na LUKU inaisha saa nane za usiku. Kwa hiyo tumekipima kila kimoja kwa maswali ambayo boksi lake halijibu: kinavumilia joto? Kinavumilia upepo? Umeme ukikatika kinabaki na faida gani?

Vitisho vyenyewe tunavijua. Radi za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari chini yake. Fataki za mkesha wa mwaka mpya, na za Diwali kwa wakazi wa Upanga na Kisutu. Sabufa ya shughuli ya jirani. Ukumbuke pia kwamba sikio la mbwa linafika kama hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 45,000 na la paka kama 64,000, wakati letu linaishia 20,000. Ndiyo maana vile vidude vya kuchomeka vinavyouzwa kwa ahadi ya kufukuza panya kwa sauti isiyosikika visiwekwe kabisa kwenye nyumba yenye mbwa au paka. Wewe husikii kitu, lakini yeye anaweza kuwa anakisikia mchana na usiku. Kabla ya kutafuta cha kumtuliza, zunguka nyumba uone kama hicho hakipo ukutani.

Difyuza: Adaptil na Feliway

Zote mbili zinatengenezwa na Ceva, kampuni ya Ufaransa. Ndani ya kichupa cha mililita 48 kuna mafuta yenye nakala ya maabara ya feromoni. Adaptil ni ya mbwa. Inaiga ile inayotoka kwenye ngozi ya matiti ya mbwa jike anayenyonyesha. Feliway Classic inaiga ile anayoiacha paka anapojisugua shavu kwenye kona ya kochi au mguu wa mwenye nyumba. Haileti usingizi, na pua ya binadamu haiinusi. Kifaa kinapasha mafuta moto, mvuke unatanda eneo la mita za mraba 50 hadi 70, na kichupa kinakaa siku 30 hivi kikiwa kimechomekwa saa 24.

Hizo saa 24 ndizo zinazoponza. Umeme ukikatika kifaa kinapoa na mvuke unakoma, na radi na kukatika umeme mara nyingi huja pamoja, yaani kifaa kinazimika dakika ile ile kinapohitajika. Halafu kuna upepo. Mita 70 za kwenye boksi ni za hewa iliyotulia; ukifungua madirisha mawili yanayotazamana na kuwasha feni, unawatuliza paka wa jirani kwa gharama yako. Ukilitazama pia swali la ushahidi, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani yaliona kwamba kwa matatizo mengi ushahidi wa feromoni haukutosha. Hiyo haina maana hazifanyi kazi. Ina maana usizitegemee peke yake.

Ukiamua kununua, ichague difyuza ya soko la Uingereza, maana pini zake tatu bapa zinaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Adapta ikilegea, kifaa kinaning'inia na hakikai wima. Kisimamishe wima, kichupa chini. Wengi wanakichomeka kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, kinakaa kiubavu, mafuta yanavuja, na wiki ya pili kichupa kiko tupu huku sakafu ina doa. Usikiweke nyuma ya kochi, chini ya meza wala nyuma ya pazia, kwa sababu mafuta yanaganda kwenye kitambaa badala ya kusambaa. Chagua chumba kimoja tu, kile anacholala mnyama, na ufunge mlango wake jioni. Anza wiki moja kabla ya tukio. Siku 30 zikipita na kichupa bado kina nusu, ama umeme ulikatika sana ama kifaa kimechoka. Kifaa chenyewe, siyo kichupa tu, hubadilishwa kila miezi sita.

Mwenye paka wawili wanaopigana asinunue Classic. Ya ugomvi kati ya paka ni Feliway Friends, ambayo kwenye soko la Marekani inaitwa MultiCat. Maboksi yanafanana, na muuzaji atakupa lililo karibu na mkono wake.

Spreya na kola

Feromoni ile ile ikiwa ndani ya spreya inapona matatizo yote ya difyuza. Haitaki umeme, na unaitumia mahali padogo palipofungika, ambapo upepo hauna la kufanya. Kwa safari ya paka kwenda kwa daktari, hii ndiyo bora kuliko zote. Nyunyizia ndani ya kibebeo mara 8 hadi 10: pembe nne, sakafu na dari. Subiri dakika 15 kabla ya kumwingiza. Kusubiri huko ndiko watu wanakokuruka, na ndiko kunakoharibu kazi: spreya ina spiriti, spiriti isipokauka paka anakutana na harufu kali ndani ya chombo ambacho tayari hakipendi, na kesho yake hatakikaribia. Usimnyunyizie mwilini. Nguvu yake ni saa nne au tano, inatosha kutoka Mbagala hadi Masaki na kurudi hata foleni ya Kilwa Road ikikaza.

Kibebeo chenyewe kina uzito kuliko spreya. Kizuri ni cha plastiki ngumu ambacho paa lake linavuliwa kwa klipu, ili daktari ampime paka akiwa amekaa kwenye nusu ya chini bila kuvutwa. Gunia, kiroba na boksi la kamba havifai: havina hewa ya kutosha na vinabonyea. Kiache wazi sebuleni wiki mbili na kitambaa anachokilalia ndani, umlishe humo. Kibebeo kinachotolewa stoo siku ya safari tu, paka amekwisha kukijua. Ukikigusa anakuwa juu ya kabati. Kwenye bajaji kipakate kikiwa sawa, mkono chini yake, ukifunike kwa taulo jepesi na kuacha upande mmoja wazi kwa hewa. Usikining'inize kwa mpini wake.

Kola ya Adaptil inatoa feromoni kwa joto la mwili kwa wiki nne, kwa hiyo lazima iguse ngozi. Vidole viwili vipite chini yake, visizidi. Mwenye mbwa wa manyoya mengi anaifunga juu ya manyoya, kisha analalamika haifanyi kazi. Maji yanaipunguza nguvu, na hapa ndipo inapoanguka kwa mbwa wa Dar anayeogeshwa dawa ya kupe mara kwa mara: ivue kabla, irudishe akikauka kabisa. Kwa mbwa wa ulinzi anayezunguka uani usiku kucha, kola ina mantiki kuliko difyuza, maana inakwenda naye.

Fulana ya kubana

ThunderShirt na ndugu zake zinabana kifua na tumbo kwa mkazo wa wastani, na baadhi ya mbwa hutulia kweli. Ushahidi wake ni mdogo, lakini mbwa asiyetulia ndani ya dakika 15 anavuliwa, basi. Shida ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema. Januari na Februari Dar inafika nyuzi 32 na unyevu juu, na kitambaa kizito kifuani kinambana mnyama pale pale anapopumulia. Baya zaidi, kuhema ni dalili ya hofu na ni dalili ya joto kuzidi, kwa hiyo fulana inakuficha tofauti. Bila AC, usiivalishe. Mbwa wa pua fupi, hata kwenye AC, afadhali aikose.

Ukitaka kujaribu wazo lenyewe bila kununua, khanga kuukuu inatosha. Ikunje kwa urefu mpaka upana wa kiganja. Weka katikati yake kifuani, pandisha ncha mbili mabegani, zipishane mgongoni, zishushe nyuma ya miguu ya mbele, zipishane chini ya kifua, zirudishe juu, ufunge fundo pembeni, lisikae juu ya uti wa mgongo. Vidole viwili vipite. Dakika 20, huku umekaa naye, na usimwache nayo peke yake.

Mkeka wa kulamba na mpira wa kujaza

Hapa ndipo hela inapokwenda vizuri. Kulamba na kutafuna ni kazi inayomshusha mnyama, haihitaji soketi, na ubaridi wake ni faida kwenye joto letu. LickiMat ni jina linalojulikana kwa mikeka, Kong kwa mipira ya kujaza, lakini mkeka wowote wa silikoni wenye vijishimo unafanya kazi ile ile. Ukague hivi: uvute kwa vidole viwili kwa nguvu. Ukipasuka au ukiacha vipande vyeupe kwenye mkunjo, mbwa ataumeza. Bati la kuokea keki ndogo, lile la vishimo sita, ni mbadala mzuri kwa mbwa anayetafuna kila kitu.

Kwa mbwa wa kilo 20 hivi changanya vijiko vitatu vya chakula vya mtindi usio na sukari, nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa, na kijiko kimoja cha unga wa dagaa. Dagaa wa chumvi waloweke usiku, umwage maji, uwakaushe kabla ya kusaga. Pakaza mchanganyiko kwenye mkeka, gandisha kwenye friza kwa saa nne. Laini unaisha dakika mbili, ulioganda unaweza kumshughulisha robo saa. Paka wape kidogo tu: kijiko cha samaki wa kuchemsha aliyepondwa na mchuzi wake usio na chumvi wala kitunguu. Boga la kuchemsha linafaa wote wawili. Chakula hiki kipunguze kwenye mlo wa siku, la sivyo hofu itapungua na unene utaongezeka.

Siagi ya karanga ndiyo inayopendwa kwenye video za mtandaoni, na ndiyo ya kuangalia. Ya kusaga mwenyewe haina neno. Ya kopo, soma viambato: ikiwa na zailitoli, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967, iache dukani. Kwa mbwa, gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kushusha sukari ya damu kwa hatari, na ikizidi inaua ini. Mbwa wa kilo 10 anafikia hapo kwa gramu moja. Zabibu kavu, chokoleti, vitunguu maji na saumu navyo visiingie.

Mkeka una faida nyingine isiyoandikwa kwenye boksi: ni kipimo. Mbwa anayependa chakula akikataa kulamba, hofu imeshapita kiasi cha kumfundisha lolote. Usimlazimishe. Mpeleke chumba cha ndani, ukae naye. Na kumbembeleza hakumfundishi uoga, hata wakisema nini. Kinachoongeza hofu ni fimbo na makelele.

Zylkene

Ni vidonge vya kapsuli vyenye protini itokanayo na maziwa, vya miligramu 75, 225 na 450. Kipimo ni miligramu 15 kwa kilo kwa siku, mara moja: mbwa wa kilo 15 anapata cha 225, wa kilo 30 cha 450. Kinafunguliwa na unga kunyunyizwa juu ya chakula. Kifuko kinasema kuanza siku moja au mbili kabla. Sisi tungeanza mapema zaidi. Kwa wasiwasi mdogo, kama mgeni nyumbani au kuhama nyumba, kinafaa. Kwa mbwa anayetetemeka kwa radi ni hela nyingi kwa msaada mdogo.

Visivyouzwa, na vinavyoshinda vingi

Boksi la katoni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha paka wapya kwenye makazi ya wanyama waliopewa boksi la kujificha walitulia haraka kuliko waliokosa. Weka boksi mahali pa juu kidogo, mlango ukitazama ukutani, wala usimtoe humo kwa nguvu.

Chumba. Tafuta kilicho katikati ya nyumba, chenye madirisha machache na dari ya jipsamu au mbao chini ya bati. Choo chenye vigae mara nyingi ndicho kinachoshinda: kina ubaridi na ukuta pande zote. Banda la mbwa la bati litandikwe plaiwudi au godoro kuukuu chini ya paa, godoro lifunikwe asilitafune, ili mvua isigeuke ngoma. Na mbwa mwenye hofu asiachwe kwenye mnyororo wakati wa radi, anajinyonga.

Sabufa. Mazoezi ya sauti ndiyo yanayoleta nafuu ya kudumu, na kila nyumba ina chombo chake. Spika ya simu haifai kwa sababu haitoi mshindo wa chini wa radi. Tumia rekodi ya radi kwa sauti ndogo kiasi kwamba mbwa anageuza sikio tu na kuendelea kula. Dakika tano, mkeka mbele yake, mara moja au mbili kwa siku. Ongeza sauti kidogo baada ya siku kadhaa za utulivu. Akiacha kula, rudi hatua mbili nyuma. Miezi ya kufanya hivi ni Juni hadi Septemba, anga ikiwa kimya. Ukianza Novemba, radi ya kweli itakuharibia kazi ya wiki nzima kwa usiku mmoja. Siku ya fataki yenyewe, weka muziki wa kufunika kelele. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la ustawi wa wanyama la Scotland walijaribu aina mbalimbali kwa mbwa wa makazi, na rege ikawa miongoni mwa zilizowatuliza zaidi. Sauti iwe ya maongezi, isiwe ya shughuli.

Vya kuacha kabisa

Mafuta ya harufu ya "kutuliza". Ini la paka linashindwa kuvunja kemikali nyingi za mafuta haya, na ya karafuu na ya mti wa chai ni sumu kwake, hata yakipakwa tu kwenye manyoya, kwa kuwa atayalamba. Udi na ubani vikifukizwa, mlango uwe wazi na paka awe na pa kutokea; moshi unachokoza mapafu.

Piriton inampa mnyama usingizi na kumwachia hofu yake yote. Panadol haina uhusiano wowote na utulivu, lakini inatolewa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Valium ya kumeza imewahi kuua paka kwa kuharibu ini. Bangi, hata ikiitwa mafuta ya mbwa, ni kosa la jinai nchini.

Dawa za daktari

Nenda kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na dawa iwe na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwombe kwanza amchunguze maumivu. Mbwa mzee aliyeanza kuogopa kelele ghafla mara nyingi ana kiungo kinachouma. Paka dume anayekwenda kukojoa kila mara bila mkojo kutoka si mwenye wasiwasi. Njia imeziba, na ni dharura ya saa, siyo ya siku.

Kwa paka wa kwenda kliniki, gabapentini ndiyo yenye sifa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 2017 uliwapa paka miligramu 100 dakika 90 kabla ya safari, na wakapungukiwa na hofu. Kiasi cha paka wako atakisema daktari. Kapsuli za binadamu hutumika, ila dawa ya maji ya binadamu inaweza kuwa na zailitoli, kwa hiyo mbwa asipewe. Dozi ya kwanza ijaribiwe siku ya kawaida, siyo mkesha wa mwaka mpya.

Ukiambiwa ni asepromazini peke yake, uliza nyingine. Inalegeza mwili, mnyama analala chini na wewe unaridhika, lakini hofu iko pale pale na baadhi yao husikia kelele kwa ukali zaidi.

Kwa hofu ya kila siku kuna fluoksetini na klomipramini. Zinachukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, kwa hiyo usiziache wiki ya pili ukidhani zimeshindwa. Na dawa hizi mbili hazichanganywi na amitrazi, ambayo ni moja ya dawa za kuogeshea kupe zinazotumika sana hapa. Mfanyakazi wa nyumbani anaogesha Jumamosi, wewe unatoa kidonge Jumapili, na hakuna anayejua mwenzake amefanya nini. Chukua chupa ya dawa ya kupe, iweke kwenye mfuko, uende nayo kliniki daktari aisome lebo mwenyewe kabla hajaandika chochote.